Dari ya Chumba cha Mama

Doa lilianza dogo, la rangi ya chai, juu kabisa ya kitanda cha mama. Mshonaji aliliona asubuhi akikung'uta shuka. Alilitazama, akalitazama tena, akajua lilikotoka kabla hajamaliza kuikunja shuka yenyewe. Jiko la mdogo wake lilikuwa juu ya chumba hicho, na kwenye kona hiyohiyo ya jiko ndipo ilipokaa mashine ya kuoshea vyombo. Mtu mwingine angepanda ngazi, akabisha mlango, akasema: mashine yako inavuja. Maneno matatu, na kazi imekwisha. Mshonaji hakupanda. Aliiweka shuka kabatini, akaenda kumtengenezea mama chai.

Usimdhanie mjinga. Alikuwa fundi cherehani ambaye nguo ikitoka mikononi mwake hukuti uzi unaoning'inia, na macho yake yaliona mshono uliopinda kutoka upande wa pili wa barabara. Lakini alikuwa amenuna, na katika nyumba ile kununa kulikuwa na kanuni zake.

Kanuni aliiweka mama mwenyewe, enzi hizo wanawe wakiwa bado wanagombania kiti cha dirishani. Aliyekosa ndiye anayepiga hodi. Watoto wakizozana, mama hakuuliza nani kaanza. Alimweka huyu chumba hiki na yule chumba kile, na hakuna aliyetoka mpaka mkosaji aende mwenyewe kwenye mlango wa mwenzake, apige hodi, aseme nimekosa. Aliyekosewa asitangulie kufungua mdomo. Akitangulia, mama alisema, anamfundisha mwenzake kukosa. Na kweli ilifanya kazi, kwa sababu ikifika saa ya kula lazima mmoja alipiga hodi. Watoto njaa inawashinda. Watu wazima ni balaa, kila mmoja ana jiko lake.

Ugomvi wenyewe ulizaliwa siku ileile mashine ilipoletwa. Mdogo mtu alikuwa mpishi wa kukodiwa, anayepikia maofisi na sherehe za watu, na viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwa sabuni mpaka vikawa vinakwaruza kitambaa akikigusa. Alinunua mashine ile kwa jasho lake. Dada mtu alipanda kuja kuitazama, akamshikia tochi fundi aliyekuja kuifunga, akasikia yote aliyoyasema fundi yule, maana alisema kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Isimame sawa, isiinamie mlangoni. Chujio lisafishwe kila wiki. Mpira wa mlango ufutwe, mabaki ya chakula yasiugandie. Sabuni ya kuoshea kwa mkono ni marufuku, povu litatafuta njia ya kutoka nje. Na kubwa zaidi, mpira wa kutolea maji huko nyuma usibanwe na ukuta: mara mojamoja mvute mashine mbele, mchungulie, mguse kwa kidole kama ni pakavu. Maji yakionekana mbele hayo ni maji ya heri, alisema fundi, mtayafuta. Ya nyuma ndiyo yanayobomoa nyumba.

Baada ya hapo walikaa kula, pamoja na mama, mume wa mdogo mtu, na wapishi wenzake wawili watatu waliokuja kumpongeza. Mshonaji, ambaye ulimi wake ulikuwa na kawaida ya kuchezacheza, akasema haya sasa, mikono imebaki ya kupakwa mafuta tu. Wageni walicheka. Mdogo wake hakucheka. Aliweka kijiko chini akasema taratibu, "Afadhali mimi, nina wa kuniona nikijipaka."

Mume wa mshonaji alikuwa ameondoka mwaka uleule, na kila aliyekaa pale mezani alijua alikwenda kwa nani. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi; pale walijikwaa wote wawili, na hakuna aliyeinama kumwinua mwenzake. Dada mtu alishuka ngazi akijiambia kwamba yeye alitania na mwenzake akachinja. Mdogo mtu alibaki akijiambia kwamba yeye alijibu tu, aliyeanza ni mwingine, tena mbele ya watu wake, tena mezani kwake. Wote wawili walikosewa. Mkosaji hakuwepo. Basi kila mmoja akakaa kwake kungoja hodi.

Tangu hapo habari za lazima zilipelekwa na shemeji, mume wa mdogo mtu, dereva wa lori, mtu mpole anayeogopa wanawake wote wa ukoo ule kwa usawa. Majirani walimpachika jina la Balozi. Balozi akishuka kuuliza kama mama amekunywa dawa, akipanda kusema amekunywa, akishuka tena kwamba basi vizuri. Akiwa safarini, habari zililala.

Ungesema hayo ni mambo ya kina dada, yataisha. Lakini kulikuwa na kaka yao, kifungua mimba, aliyeishi mji mwingine, na kaka alitaka kumchukua mama tangu macho ya mama yalipoanza kufifia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, aina ya mtu ambaye simu ikilia asubuhi na mapema anaketi kwanza ndipo aipokee. Nyumba yake haikuwa na ngazi. Mama hakutaka hata kusikia. Nyumba hii aliijenga na mumewe, maji ya msingi aliyabeba yeye kichwani ndoo baada ya ndoo, na alishasema atatoka humo akiwa amelala, amebebwa, si vinginevyo. Kaka akakubali kwa shingo upande, akaweka sharti mbele ya dada zake wote wawili: nyumba iwe salama, na wao wawe kitu kimoja. Siku akikuta moja kati ya hayo limekosekana, atamchukua mama, na mtu asimlilie.

Kwa hiyo kaka akija kutembea, kina dada waliigiza. Mdogo mtu alishuka na sinia la chai, akaketi kochi moja na dada yake, akasema, "Dada, nikuongezee sukari?" na mshonaji akajibu, "Inatosha, mdogo wangu." Maneno yaliyosemwa mbele ya kaka hayakuhesabiwa, ilikuwa kama wachezaji jukwaani. Kaka akiondoka, sinia linapanda juu, mlango unafungwa. Mshonaji asingekiri hata kwa viboko, lakini kuna wiki alijikuta akitamani kaka aje, asikie tu kuitwa dada.

Sasa unaelewa kwa nini doa lile lilimkaa rohoni. Likionekana na kaka, mama anakwenda. Na njia ya kulimaliza ilikuwa moja, kupanda ngazi, nayo ilikuwa imefungwa kwa kufuli asilokuwa na ufunguo wake. Angalau ndivyo alivyojiambia. Ufunguo alikuwa nao, sote tunajua.

Alichofanya ni kununua rangi nyeupe. Alipanda juu ya meza, mama akiwa barazani akiota jua, akalipaka doa mpaka likapotea. Wiki iliyofuata likarudi, safari hii limezungukwa na mstari wa kahawia, kama ramani ya nchi isiyomtakia mtu heri. Akapaka tena. Likarudi limevimba. Ubao wa dari ulikuwa umeanza kushuka tumbo, na ukiubonyeza kwa ufito wa pazia, ulibonyea kama mkate uliolowa. Akasogeza kitanda cha mama kuelekea dirishani, ili doa liwe upande wa miguu. Fikiria. Mtoto wa kumzaa anachagua ni upande upi wa mama yake utakaoangukiwa.

Halafu tone la kwanza likadondoka, na hapo mshonaji akafanya kile ambacho mshonaji peke yake angeweza kukifanya. Alishona dari.

Alichukua kitambaa kizito cha mapazia, rangi ya maziwa, akakikata sawasawa na upana wa chumba. Ndani yake akashonea nailoni ngumu, ile ya kufunikia meza za sherehe, mshono juu ya mshono, kisha akaipa mteremko kidogo kuelekea kona ya nyuma ya kabati. Huko akaficha beseni. Pembeni akaning'iniza marinda mazuri, ungedhani ni chumba cha bibi harusi. Maji yakidondoka yalipokelewa na nailoni, yakatambaa kimyakimya mpaka kona, yakaingia kwenye beseni, na jioni yeye akayamwaga. Nje huoni kitu. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kushona, na alisimama chini yake akajisifu moyoni kama mpuuzi.

Mama alinyoosha mkono akagusa rinda lililokuwa karibu na mto wake. Akauliza hii ya nini.

"Vumbi, mama. Lisikuangukie."

"Haya," alisema mama, akageukia ukutani.

Methali ya ufa na ukuta kila mtu mle ndani aliijua tangu shule. Methali haizibi kitu. Kinachoziba ni mtu kuinuka.

Na wa juu je? Wa juu alijua. Mshonaji alisikia yote kupitia dari yake ya kitambaa. Jioni mashine ilianza kunguruma, ikameza maji, ikanguruma tena, kisha zikafuata sauti za magoti ya mdogo wake sakafuni na tambara likikamuliwa ndoani. Kamua, futa, kamua. Mtu hapigi magoti kila jioni mbele ya mashine iliyo nzima. Mshonaji alikumbuka pia siku Balozi alipoleta kabati jipya la vyombo: alisikia mashine ikiburuzwa nyuma ili kabati lipate nafasi, ikaburuzwa, ikaburuzwa, mpaka ikagota ukutani. Alikuwa na sindano mdomoni. Aliitoa sindano, akatazama juu, akakumbuka maneno ya fundi kuhusu mpira wa nyuma, kila neno. Angeweza kugonga dari kwa ufagio. Badala yake alisema kimoyomoyo, haya, mtaona wenyewe. Akarudisha sindano mdomoni. Ninachomlaumu zaidi ni hicho, kuliko vyote vilivyofuata.

Siku moja Balozi alishuka, akasimama mlangoni akisugua kiatu kimoja juu ya kingine.

"Shemeji, huku chini kwema?" aliuliza.

Mshonaji akamwambia kwema kabisa. Balozi akakohoa. Akaeleza kwamba mashine imekuwa ikitoa maji kidogo, kidogo tu, wamebadilisha mpira wa mlango lakini bado, na fundi yuko juu sasa hivi, anasema mbao za sakafu zinacheza na angependa kushuka aitazame dari ya chumba cha mama. Dakika chache tu. Kama hatasumbua.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Fundi alikuwa juu ya ngazi, vifaa mkononi. Ilitosha mshonaji aseme karibuni. Lakini aliiona ile dari yake ya rangi ya maziwa ikifunuliwa, akamwona mdogo wake akiambiwa, akasikia atakavyosema: kumbe alijua muda wote huo, akanyamaza, akashona mapazia. Angekuwa mkosaji yeye. Hodi ingekuwa yake.

"Amekutuma nani?" alimuuliza.

Balozi akatazama kiatu chake.

"Mwambie aliyekutuma, mwenye jambo huja mwenyewe. Tena mama amelala."

Mama hakuwa amelala. Alikuwa ameketi kitandani, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Balozi alipanda. Juu kukawa na mazungumzo ya chini kwa chini, sauti ya mdogo mtu ikakatisha, fundi akaondoka. Mdogo mtu naye angeweza kushuka. Ngazi ni ileile, ya kupandia ndiyo ya kushukia. Hakushuka. Alipeleka ubalozi, ubalozi ukakataliwa, naye akahesabu hilo kuwa kosa jipya la dada yake, akaliweka juu ya lile la zamani.

Kaka alikuja siku ya mapumziko, bila kupiga simu. Balozi alikuwa safarini. Mshonaji alipomwona langoni alikimbilia beseni kwanza, akalimwaga, ndipo akaenda kumpokea. Mdogo mtu alishuka na sinia. Dada, nikuongezee sukari. Inatosha, mdogo wangu. Kaka alitabasamu kwa kuwaona wamekaa hivyo bega kwa bega, na mshonaji akajisikia vibaya kwa jinsi alivyofurahi.

Baada ya chai kaka alimshika mama mkono, akampeleka barazani kwenye jua. Kisha akarudi ndani kumchukulia kitambaa chake cha mabega. Mshonaji alimfuata mbio, akisema kaa tu kaka, nitakuletea mimi, lakini kaka alikuwa ameshafika katikati ya chumba, amesimama, ameinua uso.

"Umeshona mwenyewe?" aliuliza. "Kazi nzuri hii."

Mshonaji akaanza kueleza habari za vumbi, na mbu, na jinsi kitambaa kilivyokuwa kimebaki kwenye kazi ya mteja, maneno mengi, yakikanyagana. Kaka alinyoosha mkono apapase kitambaa, kama watu wanavyopapasa kitambaa kizuri. Mkono ukakuta uzito. Akabonyeza kidogo. Maji yakapenya mshono, yakamteremkia kwenye kiganja, yakaingia ndani ya mkono wa shati.

Kaka alishika pindo kwa mikono miwili, akavuta.

Mishono haikuachia, ilikuwa mishono ya kweli. Kilichoachia ni dari. Ilishuka yote na kitambaa chake, mbao zilizooza, misumari myeusi, tope la vumbi la miaka na maji yaliyokuwa yamejikusanya juu ya ubao, ikatua kitandani. Si upande wa miguu tu. Mto wa mama ulifunikwa hauonekani. Kaka aliruka nyuma akajibamiza kwenye kabati, na beseni likajitokeza kwenye kona, likiwa bado na unyevu. Juu, kati ya mbao za sakafu zilizolika, mwanga wa jiko la mdogo mtu ulipenya.

Mdogo mtu alifika mbio, akasimama kizingitini. Tangu ule ugomvi hakuwa amekanyaga chumba hicho ila siku dada yake akiwa sokoni, anaingia kumwona mama na kutoka. Alitazama kitanda, akatazama juu, akaona chungu chake mwenyewe cha kupikia kupitia tundu.

Kaka alipangusa uso. Alipozungumza hakupaza sauti, na hilo liliogopesha zaidi.

"Nani alijua?"

Kaka aliinama, akafunua pindo la kitambaa, akaiona nailoni, akaona mteremko, akalitazama beseni. Alimwambia mshonaji kwamba hii haikushonwa jana. Akamgeukia wa pili, akamuuliza sakafu inaozaje miguuni mwa mtu anayesimama jikoni kutwa nzima, asijue. Wakatazama chini, mmoja huku, mwingine kule. Hapo kaka akaelewa kila kitu, maana na yeye alilelewa katika nyumba ile, na habari za ule ugomvi zilimfikia zamani, akadhani umekwisha.

"Bado," alisema. "Nyie bado mna ile hadithi yenu ya mezani." Akaketi kwenye ukingo wa kiti, maji yakimchuruzika. "Basi nisikilizeni. Mbao zinanunulika. Fundi yupo. Mmoja wenu amwambie mwenzake nimekosa, hapa hapa, mama asikie. Nikisikia hilo neno, nitaijenga dari hii mimi mwenyewe, na mama habanduki. Sitaki lingine."

Tazama lilivyokuwa jambo rahisi. Neno moja, na bei ya kutolisema ilikuwa mama. Mshonaji alilihisi likipanda kutoka tumboni, likafika kooni, likafika menoni. Alimtazama mdogo wake. Akaona midomo ya mdogo wake ikifunguka. Anaanza, akajiambia, aanze yeye, mimi nitamalizia, nitamkumbatia, nitasema na mimi. Akangoja. Na mdogo mtu, aliyekuwa akimtazama vilevile, aliiona midomo ya dada yake imefunguka, akajiambia hayohayo. Akangoja.

Walisimama hivyo. Kipande cha ubao kilijichomoa juu, kikaanguka kwenye tope la kitandani.

"Basi."

Sauti ilitoka mlangoni. Mama alikuwa amejikokota kutoka barazani akipapasa ukuta, amesimama nyuma ya mdogo mtu, uso umeelekea chumba ambacho hangeweza kukiona vizuri. Lakini pua ilikuwa nzima, na masikio.

"Maji hayo nimeyasikia tangu tone la kwanza," alisema. "Huyu nilimsikia akiyakinga. Yule nilimsikia akiyafuta. Nikasema ngoja, ni wanangu, mmoja atapiga hodi. Nimelala chini yake nikingoja hodi."

"Mama," mshonaji alisema, na sauti ilimtoka kama ya mtoto, "si ungeniambia."

"Mimi nilikosa nini?" aliuliza mama. "Asiyekosa haanzi. Si ndivyo nilivyowafundisha?"

Alicheka kidogo, kicheko kikavu, akakimeza. Mshonaji hajawahi kumsikia mama yake akicheka hivyo, na aliomba asimsikie tena. Kisha mama akanyoosha mkono hewani, upande alikodhani mwanawe yupo.

"Nitafutie viatu vyangu, baba. Twende."

Walimsihi, bila shaka walimsihi. Sasa maneno yalikuja, mengi kama maji yenyewe: mama tutahamishia kitanda sebuleni, mama nitaitupa mashine, mama nitalala chini mimi. Kila mmoja alimwambia mama. Hakuna aliyegeuka kumwambia mwenzake, na mama alisikiliza kwa makini mpaka mwisho, kama anayewapa nafasi moja zaidi, halafu akauliza kama viatu vimeonekana. Yule mama aliyesema atatoka humo amelala alitoka kwa miguu yake, mkono mmoja kwenye bega la mwanawe, mwingine ukiteleza juu ya ukuta. Ukuta ulipokwisha mkono ulibaki hewani kidogo. Kaka akafungua mlango wa gari.

Mshonaji alirudi chumbani, akachukua ufagio. Alizoa mbao, akazoa tope, akajaza ndoo, akamwaga, akarudi. Huko juu kitu kizito kiliburuzwa sakafuni. Alifanya kazi mpaka akachoka, na aliposimama kupumzika aligundua kwamba hakuna wa kumtengenezea chai. Akaegemeza ufagio ukutani. Akatoka, akashika nguzo ya ngazi, akaanza kupanda. Alikuwa hajapanda ngazi zile tangu siku ile mashine ilipofungwa, na kila alipoweka mguu alilirudia neno kimoyomoyo lisije likamtoroka.

Mlango wa juu ulikuwa wazi. Mdogo wake aliketi sakafuni, ameivuta mashine mpaka katikati ya jiko, na mpira wa nyuma ulikuwa mkononi mwake. Ulikuwa umebanwa na ukuta ukakunjika, na penye mkunjo ulikuwa umepasuka, mpasuko usiozidi ukucha. Alikuwa akiupapasa kwa kidole, mbele na nyuma.

"Hodi," alisema mshonaji.

Mdogo mtu hakugeuka.

"Mdogo wangu, nimekosa."

Kidole kilisimama juu ya mpasuko. Mdogo mtu alipojibu hakuwa na hasira hata chembe, na afadhali angekuwa nayo.

"Unamwambia nani, dada? Mama hayupo."

Mshonaji alifungua mdomo amjibu kwamba anamwambia yeye. Lakini alijisikia jinsi alivyolitamka lile neno, kwa sauti kubwa kupita kiasi kwa jiko dogo namna ile, sauti ya mtu anayetaka asikike mpaka chini, barazani. Akaufunga mdomo. Mdogo wake alijua, na yeye mwenyewe alijua, wala hapakuwa tena na mtu wa tatu wa kuja kuwaamua.